Mwambie Bibi Tui Limekatika

Wiki iliyopita nilitoka nyumbani Mabela, hapa Maskati, kwenda kununua nazi, na kabla sijajitambua nilikuwa nimeegesha gari mbele ya soko la Mawaleh, soko ambalo limeshahamishwa. Nilijua kwamba limehamishwa. Nimesikia kwa shoga zangu, na mimi mwenyewe nimekwishafika huko lilikohamia na kurudi nikilalamikia umbali. Lakini mikono yangu ina mazoea yake. Nikabaki ndani ya gari, kiyoyozi kikivuma, nikiangalia geti lililofungwa na uwanja mpana usio na mtu. Kilichonijia kwanza hakikuwa huzuni. Ilikuwa harufu ya vitunguu na mananasi yaliyoiva kupita kiasi, na sauti ya bibi yangu akibishana na muuza nazi kwa Kiarabu chake cha Kiunguja, huku akigonga nazi moja baada ya nyingine kwa ukucha na kuisogeza sikioni.

Basi nikacheka peke yangu. Ukinijua vizuri utajua kwamba mimi nikianza kumkumbuka Bibi siwezi kuishia sokoni. Kwetu nazi haikuwa nazi tu. Hebu kaa nikusimulie, maana wewe nawe umekulia kwenye nyumba za namna hii na hutanishangaa.

Tulikaa Ansab, katika nyumba ya ukuta mweupe na mlango wa chuma uliolia kila ulipofunguliwa. Mama yangu alikuwa na jiko la ndani, la vigae na makabati, ambalo Bibi aliliita jiko la hospitali na hakupata kupika ndani yake kitu cha maana. Jiko la Bibi lilikuwa nyuma ya nyumba, chini ya bati, na ndani yake mlikuwa na mtungi wa gesi, kinu, mbuzi ya kukunia nazi, na vifumbu vya kuchujia tui vimetundikwa msumarini vikikauka. Miaka ile mapumziko yetu yalikuwa Alhamisi na Ijumaa. Alhamisi ilikuwa ya soko. Ijumaa ilikuwa ya kupika, na tangu asubuhi nyumba ilinukia udi mbele na samaki wa kupaka nyuma. Mimi nilikuwa katikati, kazi yangu kuvunja nazi na kunywa maji yake kabla ndugu zangu hawajatokea. Kazi hiyo niliifanya kwa uaminifu mkubwa.

Baada ya chakula cha Ijumaa, watu wakiwa wamelegea kwa wali, Bibi alipiga simu Unguja. Aliondoka kule akiwa bibi harusi wa juzi, katika miaka ambayo watu walikuwa wakiondoka bila ya kuaga, na akamwacha mdogo wake wa tumbo moja. Sisi tulimwita Bibi Mdogo ingawa hatukuwa tumemwona hata siku moja. Kwetu alikuwa sauti tu, na sauti yenyewe ilikaa ndani ya simu ya ukumbini, juu ya kijimeza chenye kitambaa cha kufuma. Bibi alikwangua kadi ya simu kwa ukucha ule ule wa nazi, akanisomea namba nikazibonyeza, kisha akaanza kupiga kelele. Aliamini kwamba kwa kuwa Unguja ni mbali, sauti ya kawaida haitafika.

Alichokuwa akikipigia kelele, na mdogo wake akimjibu kwa kelele hizo hizo, kilikuwa mapishi. Vipi jiko? Jiko lina moshi, macho yanatuwasha. Na mpishi? Mpishi yule yule, na masufuria yote keshayafungia ndani. Wageni wamekuja? Wamejaa mjini, hata viatu hawavui. Nazi zimekunwa? Zimekunwa, lakini tui lililotoka jepesi, si la nazi zile tulizozikuna sisi. Nilikuwa nikikaa chini ya kile kijimeza nikisikiliza, na niliamini kabisa kwamba hawa ni wanawake wawili wanaopenda kupika kuliko watu wote duniani. Niliwaonea huruma watu wa Unguja kwa kuwa na mpishi mmoja tu kisiwa kizima, tena mbaya kiasi hicho, na siku moja nilimuuliza Bibi kwa nini wasimwondoe wakamtafuta mwengine. Bibi aliniambia niende nikanawe miguu.

Sauti yake ilivuka ukuta. Jirani yetu wa upande wa pili, mama wa Kiarabu asiyejua Kiswahili, aliokota neno moja tu katika makelele yale ya kila wiki, neno nazi, akaja kuuliza maana yake kwa mama yangu. Baada ya kuambiwa akapiga hesabu zake, akaona kwamba bibi huyu lazima anafanya biashara ya nazi kutoka Afrika, akamtuma binti yake aje kuagiza nusu gunia. Bibi alimkubalia binti. Alhamisi iliyofuata alinunua nusu gunia Mawaleh akampelekea zawadi, na akaendelea kumpelekea mara kwa mara, kwa sababu kueleza ukweli kungekuwa kazi kubwa zaidi.

Nchi yenyewe unaijua, sitakuchosha. Kisiwa kilikuwa kimegawika katikati, nusu chama hiki na nusu chama kile, na mgawiko ukaingia mpaka kwenye vyungu. Watu waliacha kununua mikate kwa muoka mikate wa upande wa pili. Harusi zilikosa wageni, na maiti zilizikwa na jamaa wachache kwa sababu jirani alipiga kura vibaya. Na kila baada ya uchaguzi, wale walioshika nchi waliikaza kamba kidogo zaidi. Ilianza mikutano kukatazwa, yakaja magazeti kufungwa, kisha barazani watu wakaanza kutazama nyuma kabla ya kujibu salamu. Simu ndiyo iliyoogopwa kuliko vyote. Kila mtu aliamini kwamba ukimpigia ndugu yako yuko mtu wa tatu anasikiliza. Kama kweli alikuwepo mimi sijui mpaka leo, lakini watu waliishi kama yupo, na wakamchagulia maneno ambayo hayatamshtua.

Haya yote mimi sikuyajua wakati huo. Nilichokijua ni kwamba mgawiko ule ulikuwa na mguu mmoja ndani ya nyumba yetu, na mguu huo ulikuwa wa Shemeji. Alikuwa ndugu wa marehemu babu, anakaa mtaa wa nyuma, na kwa kuwa Bibi alimwita Shemeji basi nyumba nzima ikamwita Shemeji, hata sisi watoto tuliokuwa wajukuu zake. Shemeji alikuwa wa chama kilichoshika nchi. Jamaa za mama yake walibaki Unguja wakapanda vyeo, na mpwa wake alikuwa na ofisi yenye watu wanaosimama mlangoni. Bibi alikuwa wa upande wa pili kwa moyo wake wote. Wote wawili hawakuwa na kura hata moja kule, walikuwa raia wa hapa na wanalijua hilo, lakini hilo halikuwazuia kugombana kila Ijumaa mbele ya sinia kama kwamba nchi inawangoja wao wamalize kula.

Bibi alikuwa na silaha moja tu, ukoko. Shemeji alipenda ukoko wa wali wa nazi kupita kiasi, ule wa chini ya sufuria ulioshika rangi na kulia mdomoni. Ijumaa za amani Bibi aliukwangua akamletea kwenye kisahani chake. Ijumaa ambazo chama cha Shemeji kilikuwa kimefanya jambo, ukoko ule ulipita mbele ya macho yake ukaenda kwa watoto, na Shemeji akabaki anachezea ndevu. Baada ya uchaguzi mmoja alinyimwa ukoko kwa miezi, na hakuacha kuja. Sisi watoto tulikuwa tunakiombea dua chama cha Shemeji kiendelee kufanya vibaya, maana kila lilipotokea la kutokea ukoko wote ulikuwa wetu.

Sasa sikiliza ilivyokuwa. Ilikuwa Ijumaa, kabla ya chakula. Watu wameshaanza kukaa, Bibi yuko chumbani anasali, na simu ikalia. Hilo lenyewe lilikuwa ajabu, kwa sababu Unguja haikupiga simu, Unguja ilipigiwa. Nikaidaka.

Bibi Mdogo hakunisalimia kwa kirefu kama kawaida yake. Aliuliza Bibi yuko wapi, nikamwambia anasali. Nikasikia anahema.

"Mwambie bibi yako tui limekatika," alisema. "Na mjomba wako kafunikwa kawa tangu juzi. Ushafahamu?"

Nikamwambia nshafahamu. Lakini mimi nilikuwa mtoto niliyependa mambo yakamilike, kwa hiyo nikamuuliza hilo kawa lina ukubwa gani. Kawa la kwetu lilikuwa la ukili mwekundu na kijani, lilitosha kufunika sinia la mikate, lakini halikuweza kumfunika mtu mzima mwenye masharubu, na mjomba, mwanawe Bibi Mdogo, kwa picha aliyotuletea msafiri mmoja, alikuwa na masharubu makubwa. Bibi Mdogo akacheka. Kicheko hicho kilimtoka vibaya, kikaishia mahali pasipo pa kicheko, na simu akaiweka.

Nikarudi sebuleni nimejaa habari mpaka kooni. Bibi alitoka chumbani, akaingia jikoni, akarudi amebeba sinia la wali, na watu wote wamekwishakaa mkekani: mama, ndugu zangu, Shemeji mahali pake karibu na mlango. Nikaona hapa ndipo pa kutoa ujumbe, mbele ya hadhira kamili. Nikasimama wima kama tulivyofundishwa skuli, nikatangaza kwamba Bibi Mdogo kapiga simu, kasema tui limekatika, na mjomba kafunikwa kawa tangu juzi, na ukubwa wa kawa hakuutaja.

Ndugu zangu wakaangua kicheko. Mama naye akacheka, akaniambia niketi niache upuuzi. Lakini Bibi alisimama pale pale na sinia mikononi. Halafu nikaona Shemeji ameacha kutafuna.

"Tangu juzi?" aliuliza.

Bibi akaliweka sinia chini taratibu. Akamuuliza tangu juzi nini.

"Tangu juzi kafunikwa. Wamemfunika wapi, mjini au shamba?"

Mama yangu akatazama huku na huku. Bibi alikuwa amemkazia macho Shemeji kama mtu aliyemkuta mgeni ndani ya chumba chake cha kulala. Lugha ile waliitunga wao wawili, yeye na mdogo wake, neno kwa neno, na hakumfundisha mtu.

"Wewe umejuaje?" alimuuliza.

Shemeji akafuta mkono kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja, na alipojibu hakuinua uso. "Dada yangu kule naye anapika, shemeji."

"Dada yako? Si nyie wenye jiko?"

"Ndiyo, jiko letu," alisema Shemeji. "Ndiyo maana haniambii hata kama mvua imenyesha, ila kwa nazi."

Nimekwishasoma mambo mengi baadaye, kuhusu tawala na watu wanaotawaliwa nazo, na sijaona mahali palipoelezwa vizuri kuliko pale mkekani. Miaka yote ile Bibi alidhani upande wa pili umelala usingizi mzuri. Kumbe upande wa pili nao ulikuwa ukinong'ona kwenye simu, tena kwa tui lile lile na kawa lile lile, kwa kuwa wanawake wa kisiwa kimoja wakitafuta maneno ya kuficha jambo, watayatafuta wapi kama si jikoni? Kila mmoja alijiona ndiye aliyebuni. Naamini kama kweli kulikuwa na mtu wa tatu anasikiliza simu zile, na yeye mama yake alikuwa akimpigia kumweleza habari za nazi.

Mjomba alikuwa mwalimu wa hesabu. Kosa lake, kama tulivyokuja kujua, lilikuwa kusema barazani kwamba jumla ya kura zilizotangazwa haikukaa sawa. Alizijumlisha mwenyewe kwa chaki, kwa mazoea yake ya kazi, na mtu akaenda kumsemea, wakamfungia ndani. Alikuwa mtoto wa pekee wa Bibi Mdogo. Na kwa Bibi yangu, ambaye hakuwa na mwengine kule, wale wawili ndio waliokuwa Unguja nzima.

Wali ukapoa. Shemeji alinyanyuka akaenda ukumbini, akapiga simu kwa mpwa wake mwenye ofisi. Tulimsikia kila neno, maana hakuna aliyethubutu hata kukohoa. Alianza kwa salamu ndefu, akauliza hali ya watoto, akauliza hali ya mvua. Kisha akasema, kwa sauti ya chini ambayo sikuwahi kuisikia kwake, kwamba kuna sahani moja ya nyumbani imefunikwa kwa makosa, si sahani ya wageni, ni ya kwetu, imetoka kwenye kabati letu wenyewe, na kwamba yeye akiwa mzee hakuna kitu angependa kukiona kabla ya kufa kuliko sahani hiyo kufunuliwa. Halafu akasikiliza kwa muda mrefu. Akarudi akakaa mahali pake. Bibi akaingia jikoni, tukasikia mwiko unakwangua, akatoka na ukoko wote wa sufuria ile, akamwekea mbele yake. Hatukulalamika, ingawa roho zilituuma.

Siku zilizofuata Bibi alipika kama kichaa. Akingoja simu alikuwa hawezi kukaa, kwa hiyo alisimama jikoni, na sisi tukala vitumbua asubuhi, muhogo wa nazi mchana, mkate wa kumimina jioni, na ndizi mbivu za tui baina yake. Naona aibu kukwambia kwamba ile ndiyo wiki nzuri kuliko zote za utoto wangu. Na ndiyo wiki aliyonifundisha lugha. Alisema kama nitakuwa napokea simu za watu basi bora nijue ninachopokea. Akakaa kwenye mbuzi, nazi mkononi, na kwa kila jambo akanipa neno. Kukuna nazi ni kupiga kura. Tui ni matokeo. Tui likikatika, wale wa pande mbili waliokuwa wakizungumza wameacha kuzungumza. Chumvi ni maneno, na aliyezidisha chumvi kasema sana. Wageni ni askari. Kawa nililijua mwenyewe kufikia hapo.

"Na mpishi ni nani?" nilimuuliza.

Alitazama mlangoni. Tuko Ansab, jua la saa nane, mtaa mzima umelala, hata paka hawapo. Akaniambia, "Mpishi ni mpishi," akaendelea kukuna.

Simu ilikuja. Safari hii Bibi aliipokea mwenyewe, na tuliokuwa tumemzunguka tulisikia sauti ya Bibi Mdogo ikitoka kwenye simu kwa nguvu zote: sahani imefunuliwa. Imepoa kidogo, alisema, lakini iko mezani. Bibi akapiga kigelegele kimoja kirefu pale ukumbini. Jirani wa Kiarabu akaja mbio akidhani kuna harusi, na kwa vile hakuna aliyeweza kumweleza, tulimpa halua na kahawa akashangilia pamoja nasi mpaka Alasiri.

Mwaka uliofuata Bibi Mdogo akaja Maskati. Nilitegemea mwanamke mrefu, kwa sababu sauti yake ilikuwa ndefu. Uwanja wa ndege akatoka mama mfupi wa mviringo, na kapu la karafuu na pilipili manga lililotupigisha sote chafya. Dada wawili waliokuwa hawajaonana tangu ujana wao walisimama wakatazamana, na neno la kwanza la Bibi lilikuwa, mbona umezeeka hivi. Mwenzake akamwambia, hujajiona wewe. Wakashikana mikono mpaka nyumbani.

Bibi alikuwa ameingojea siku hiyo kwa jambo moja. Alimwingiza mdogo wake jikoni, akafunga mlango, akamwambia haya, sasa sema, hapa hapana mtu. Bibi Mdogo akaangalia bati, akauangalia mtungi wa gesi, akaniangalia mimi. Kisha akasema nazi za mwaka huu ndogo.

Na ikawa hivyo tangu alipofika. Bibi alimbembeleza, akamkasirikia, akamwambia hapa ni Maskati, taja mambo kwa majina yake. Bibi Mdogo akajibu kwamba anataja. Televisheni ikisema neno serikali, serikali yoyote, hata ya huko Ulaya, aliteremsha sauti yake. Kijana wa kuleta maji akigonga mlango, mazungumzo yalisimama mpaka gari lake liondoke. Shemeji alipokuja kumwamkia, alimshukuru kwa adabu kubwa kwa kuifunua ile sahani, na Shemeji, aliyekuwa na maneno mengi kwa kila mtu, aliinamisha kichwa tu. Sisi watoto tuliona mchezo mzuri. Tulikuwa tunamwendea Bibi Mdogo kumuuliza maswali ya siasa kwa lugha ya jikoni, naye akatujibu kwa makini yote, bila ya kucheka, kama kwamba tunajadiliana bungeni.

Ijumaa yake ya mwisho ndiyo niliyotaka kukusimulia tangu mwanzo. Yeye alikuwa kwenye mbuzi anakuna, Bibi anachuja tui, mimi nimesimama na nazi yangu naimalizia maji. Bila ya kuinua kichwa, bila ya kuacha kukuna, alisema:

"Walimpiga, dada."

Bibi akasimama na kifumbu mkononi, tui likimdondoka viganjani.

"Walimpiga mgongoni na begani. Sasa hawezi kuinua mkono kuandika ubaoni. Watoto wanamwandikia, yeye anasema tu. Nami nliogopa kukwambia."

Kwa sauti ya kawaida, majina ya kawaida. Bibi akakiweka kifumbu, akaketi chini sakafuni na kanga zake zote, akamkumbatia mdogo wake miguuni pale pale kwenye mbuzi. Hawakulia kwa sauti. Nilisikia tu nazi ikikunwa, maana Bibi Mdogo hakuacha, aliendelea kukuna ile nazi mpaka akafika kwenye kifuu na meno ya mbuzi yakaanza kulia. Nilijua hapa si mahali pa mtoto, na miguu haikunipeleka popote.

Baadaye akajifuta uso kwa pindo la kanga, akapenga, akauliza, "Tui la pili ushachuja?"

Bibi aliinua kichwa. Nikamwona anawaza, anatafuta. Akasogea karibu, akanong'ona, "La pili la nani?"

"La mchuzi, dada. Tui."

Wakatazamana. Halafu akaanza mmoja, sijui nani, na wakacheka wote wawili mpaka Bibi akalala sakafuni na mdogo wake akaporomoka kutoka kwenye mbuzi. Mama akaja mbio kutoka jiko la hospitali. Wakajaribu kumweleza, kila wakifika kwenye neno tui wakashindwa kuendelea. Mchuzi wa siku hiyo uliungua na hakuna aliyejali.

Wote wamekwenda sasa. Bibi alitangulia, mdogo wake akamfuata kule kwao bila ya kuonana tena, na Shemeji tulimzika hapa Maskati, watu wa pande zote mbili wakiwa wamejaa mpaka barabarani. Nyumba ya Ansab imevunjwa, pamejengwa fleti. Vifumbu siku hizi sivioni, tui tunanunua la pakiti, na kwa kweli halikatiki hata ulichemshe namna gani, jambo ambalo Bibi angeliona la kutia shaka. Navikumbuka vyote, na ningevirudisha vyote kama ningeweza, kasoro kimoja. Ile lugha nilitamani ife. Nilidhani nitakuwa mtu wa mwisho kuijua, nitaisimulia kwa kuchekesha watu kama ninavyokusimulia wewe, na watoto wa kule wataisikia kama hadithi za zamani.

Mwaka huu kule kumechafuka tena, na safari hii si kisiwani tu, hata bara. Mtandao ulizimwa siku kadhaa, na sisi huku tukabaki tunatazama simu zetu. Uliporudi, wa kwanza kunipigia alikuwa binti wa mjomba, ambaye sasa ni mwalimu wa hesabu kama baba yake. Sikuwahi kumfundisha neno hata moja la lugha ile. Alinisalimia, akaniambia baba hajambo, yuko nyumbani, hatoki. Kisha nikasikia anahema.

"Tui limekatika, dada," alisema.

Nilikuwa na majibu yote tayari, nimefundishwa na aliyeitunga lugha yenyewe, ningeweza kuuliza habari za moshi na wageni na kawa na tukamaliza salama. Sijui kilichonishika. Nikamuuliza, "La jikoni au la nchi?"

Nikajuta, nikataka kucheka niligeuze kuwa utani.

"La nchi," alisema. "Wamemchukua mwalimu mwenzangu. Na mimi naogopa."

Akamtaja kwa jina, akaitaja skuli, akamtaja na mpishi kwa jina lake halisi. Nami nikakaa nimeishikilia simu sikioni, nikingoja ikatike, na haikukatika.